Dai la Kwanza la Bi Mkato

Ofisini walimwita Bi Mkato, na jina hilo hakupewa bure. Aliweza kuusimamisha ukurasa mzima kwa ajili ya mkato mmoja. Wakili aliyemwajiri, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, akimletea rasimu, yeye huichungulia, hukunja uso, kisha husema, "Huu mkato hapa unampa mtu mlango." Wakili hucheka kwanza. Baadaye huutoa.

Kazi yake haikuwa ya kuelezeka kwa wageni sebuleni. Aliandika madai ya hataza. Mtu akibuni kitu kipya, na hataki mwingine akiige bila ruhusa yake, huiomba serikali impe hataza. Katika ombi hilo kuna maelezo marefu na michoro, halafu mwishoni zinakuja sentensi zenye namba, zinazosema ni nini hasa mtu huyo anachodai kuwa chake. Hayo ndiyo madai. Siku ya ugomvi mahakamani hakuna anayeuliza mvumbuzi alikuwa na nia gani moyoni. Madai ndiyo husomwa, neno kwa neno.

Bi Mkato alikuwa hodari kuliko wote waliowahi kukaa kwenye ile ofisi ndogo juu ya duka la miwani. Wavumbuzi walikuja wamekumbatia vitu vyao kama watoto wachanga, na kila mmoja alitaka kila kitu kiandikwe: rangi, skrubu, aina ya bati. Fundi baiskeli mmoja, aliyebuni kiti cha mtoto, nusura alie pale Bi Mkato alipoufuta mkanda wa ngozi kwenye dai la kwanza.

"Lakini mkanda ndio uzuri wake!" akasema yule fundi.

"Ndugu yangu, nikiandika ngozi, jirani yako atatumia turubai, na wewe utabaki unamtazama. Usiniambie kimetengenezwa kwa nini. Niambie kinafanya nini."

Hapo ndipo alipowazidi wengine. Alikichukua kitu cha mtu, akakivua nguo moja moja, mpaka akafika pale ambapo akivua tena kitakuwa si kitu tena. Hapo ndipo alipoandika dai la kwanza. Yale aliyoyavua aliyarudisha taratibu katika madai ya chini, dai la pili, la tatu, la nne, ili ukuta mmoja ukianguka mwingine uwe umesimama.

Aliwahi kuwa na chake. Akiwa chuoni, alibuni kifuniko cha sufuria kilichozuia maziwa yasifurike. Alikikata mwenyewe kwenye bati la kopo, akajikata na vidole, na kwa muda fulani alitembea akijiona mtu. Halafu akaenda kupekua kumbukumbu za hataza, akakikuta: kifuniko kilekile, na matundu yake yaleyale, kimechorwa na mtu wa mbali aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Tangu hapo hakubuni tena. Akawa anawaandikia wengine. Katika kila hataza iliyotoka, jina la mvumbuzi lilikuwa juu na la wakili chini, lake halikuwapo popote. Hilo halikumsumbua. Au tuseme alidhani halimsumbui.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, mmoja tu, ambaye kila mtu alimwita Fundi, hata mama yao mzazi. Fundi alishona nguo. Shule ilimshinda mapema, na iliposhindikana alicheka, na mama akacheka naye. Bi Mkato alipoleta vyeti nyumbani, mama alisema, "Vizuri, mwanangu," halafu akaongeza, "Sasa msaidie mdogo wako hesabu zake." Mambo kama hayo mtu huyasahau akiwa na shughuli nyingi. Yeye aliyahifadhi bila kujua, kama mtu anayetunza risiti mfukoni mwa koti la zamani.

Jumapili moja alikwenda kwa mama akamkuta amesimama katikati ya sebule, blauzi ameinyanyua kidogo, anawaonyesha majirani wawili kiuno cha sketi mpya.

"Tazameni! Shikeni! Kuna mkunjo hapo? Hakuna hata mmoja. Mwanangu amebuni mtambo wa kushonea lastiki. Amebuni mwenyewe, kwa kichwa chake!"

Majirani wakashika kiuno cha mama, wakasifu. Mmoja wao akageuka. "Na huyu mkubwa, siku hizi anafanya nini?"

"Huyu?" Mama akamshika Bi Mkato mkono kwa mapenzi kabisa. "Huyu ni mtu wa makaratasi."

Hakuwa na ubaya wowote. Lakini Bi Mkato alilibeba lile neno siku nzima, na chai aliyomiminiwa ikapoa mbele yake.

Fundi alikuwa jikoni. Alipomwona dada yake alimrukia shingoni. "Dada! Nilikuwa nakusubiri wewe. Mama anaonyesha sketi tu, mtambo sijamwonyesha mtu. Nakumbuka ulichosema, ukibuni kitu funga mdomo mpaka kiandikwe. Njoo kesho uuone."

"Nilisema hivyo lini?"

"Wewe husema hivyo kila siku. Mimi nasikiliza, unadhani silikilizi?" Ulimi ulimteleza, akacheka mwenyewe.

Kesho yake Bi Mkato akaenda. Chumba cha kushonea kilikuwa kimoja, chenye pazia badala ya mlango wa ndani, cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na vipande vya vitambaa vimetapakaa sakafuni. Cherehani moja ilikuwa imefunikwa kanga kuukuu. Fundi alifunga mlango wa nje, akaifunua.

Mbele ya guu la cherehani, pale linapokandamiza kitambaa, palikuwa na kijidude kidogo kuliko kiberiti. Lastiki iliingia kwenye mfereji mwembamba, ikapita chini ya kigurudumu cha mpira kilichong'olewa kwenye gari la kuchezea, na kigurudumu kilibanwa na springi ya kalamu. Basi. Skrubu mbili zilikishikilia.

"Unajua tunavyoteseka," Fundi akasema. "Lastiki lazima uivute kwa mkono mmoja nyuma na mmoja mbele, huku mguu unakanyaga. Ukichoka unavuta kidogo, ukikasirika unavuta sana. Kiuno kinatoka kama mawimbi. Na kiganja changu hiki kilikuwa kinawaka moto usiku. Nikajiuliza, kwa nini mimi ndiye niivute? Kwa nini isizuiwe tu, kitambaa kikaivuta chenyewe?"

Akakanyaga. Cherehani ikanguruma, kitambaa kikaenda, na lastiki ikafuata nyuma yake kwa kusita, kama mtoto anayepelekwa asikotaka, ikinyooka sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi alikuwa ameweka mikono yake miwili kichwani kuonyesha kwamba haigusi.

Bi Mkato alikichukua kile kiuno akakivuta, akakiachia, akakivuta tena. Alikuwa ameona mamia ya vitu vya watu. Alijua kutofautisha kitu cha kupita na kitu chenyewe. Hiki kilikuwa chenyewe. Kilikuwa rahisi kiasi kwamba mtu angejipiga kofi kwa kutokifikiria, na aliyekifikiria ni huyu, aliyekuwa akifanyiwa hesabu zake mezani pale nyumbani huku akichora maua pembeni mwa daftari.

"Kizuri?" Fundi akauliza.

"Kizuri," akasema Bi Mkato.

Kazi ya kwanza ya mwandishi wa madai ni kutafuta kama kitu kimeshabuniwa. Kwa wateja wengine, Bi Mkato hutafuta huku akiomba asikute. Safari hii alitafuta kwa njaa. Alipekua vifaa vya kushonea vya nchi hii na ile, michoro ya zamani, maombi yaliyokataliwa, yaliyoachwa. Kila alipoona neno lastiki moyo ulimruka kwa matumaini. Alikuta mashine kubwa za viwandani zenye mota na mikono ya chuma. Alikuta vifaa vya kukata, vya kukunja, vya kuhesabu. Cha mdogo wake hakukikuta. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyokikuta kifuniko chake kwa dakika chache tu, akakaa akiutazama ule mwanga wa kompyuta, akahisi kama kuna mtu amemcheka.

"Umekuta chochote?" wakili akauliza akipita na kikombe chake.

"Hakuna."

"Bahati yake! Ni mdogo wako, si ndiyo? Basi mwandikie vizuri. Hiyo sitaisoma hata, naweka sahihi tu. Wewe ukiandika mimi nisome nini?"

Labda kama wakili angesema atasoma, mambo yangekwenda kwingine. Bi Mkato alikaa, akaandika dai la kwanza. Hakupanga. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na kwa sentensi mbili za mwanzo ilikuwa kweli. Kisha ikamjia ile sauti ya mama, kwa kichwa chake, amebuni kwa kichwa chake, na kalamu ikashika njia yake yenyewe. Aliandika: kifaa cha kushonea lastiki, chenye kigurudumu cha mpira. Chenye springi ya chuma iliyojisokota. Kilichofungwa kwa skrubu mbili kwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna mkaguzi wa hataza, hakuna hakimu, hakuna mtu yeyote duniani ambaye angelishika hata neno moja akasema hili ni uongo. Na kila neno lilikuwa tundu. Mtu akitumia kigurudumu cha plastiki, amepita. Akitumia skrubu moja, amepita. Akikifunga kwenye cherehani ya umeme, amepita huku anapiga mluzi. Hata katika maelezo hakuacha sentensi ya kujiokolea, inayoruhusu dai lipanuliwe baadaye.

Alipomaliza aliisoma. Mikato yote ilikuwa mahali pake.

Fundi alikuja kutia sahihi amevaa gauni lake zuri, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, na uso ukamng'aa.

"Dada! Ni chenyewe kabisa! Kigurudumu, springi, hata skrubu umezihesabu. Mtu akisoma hapa anakiona. Nilidhani utaandika yale maneno yenu ya kizungumkuti nisielewe kitu."

Wateja wote huwa hivyo. Hupenda picha. Kwa wengine wote, Bi Mkato angesema, usifurahie picha, mimi sikuchorei picha, nakujengea ukuta. Safari hii alisogeza karatasi. "Tia sahihi hapa. Na hapa."

Fundi akatia, akambusu dada yake shavuni, akaondoka akiacha harufu ya poda.

Siku zilizofuata, Bi Mkato aliona kitu ambacho hakukitarajia: wivu haukupungua hata chembe. Alidhani atapumua. Badala yake, kila alipokwenda kwa mama alikuta habari ni zilezile, sketi ni mpya, na majirani wameongezeka. Sasa mama aliongeza, "Na dada yake ndiye aliyemwandikia hataza! Mnaona? Wanangu hawa!" Sifa aliyoitamani tangu utotoni ndiyo hiyo imekuja, na imekuja kwa kazi hiyo. Alikuwa akitabasamu mpaka mashavu yanauma. Akirudi chumbani kwake anavua viatu, anakaa kitandani, anajibu ugomvi ambao hakuna aliyeuanzisha. Ameandikiwa bure. Angepata wapi pesa za kulipa? Kwani nimesema uongo wapi? Alishinda kila hoja, na usingizi haukuja.

Kisha Fundi akampigia simu. "Dada, pita kwangu ukitoka kazini. Nina kitu."

Alipofika, ile kanga ilikuwa imeshaondolewa. Fundi alikuwa na kijidude kipya kiganjani. Kigurudumu hakikuwapo, wala springi. Palikuwa na kibao chembamba cha plastiki, kilichokatwa kwenye mfuniko wa ndoo, kikiikandamiza lastiki kwa kujikunja chenyewe.

"Kigurudumu kilikuwa kinakula uchafu wa nyuzi," Fundi akasema. "Kila mara nasafisha. Hiki hakishiki kitu. Na fikiria, Dada, hiki kinaweza kutolewa kiwandani kwa kumimina tu, kipande kimoja, hakina cha kufunga. Muuza vipuri wa pale njia panda ananisumbua kila siku, kasikia habari za sketi za mama. Amesema nikimpelekea sampuli kesho ataiangalia, akiipenda anatengeneza nyingi. Nitampelekea hiki kipya. Si kimelindwa? Ni kilekile, si ndiyo?"

Bi Mkato alikitazama kile kibao. Katika matundu yote aliyoyaacha, mtu wa kwanza kupita alikuwa mwenyewe mwenye nyumba. Na kilikuwa bora kuliko cha kwanza. Wakati yeye amekaa anauza roho yake kwa ajili ya kijidude, mwenzake ameshakitupa akabuni kingine, akiwa anaimba pengine. Wivu ulimpanda upya. Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Kesho muuza vipuri angekishika, angekigeuzageuza, na siku ombi likitangazwa angelisoma, akacheka peke yake.

"Ni kilekile," Bi Mkato akasema.

"Nilijua!" Fundi akakifunga kwenye kipande cha kitambaa, akakitia mkobani, akaanza kuzima pasi na kukusanya vipande sakafuni. Alikuwa akisimulia jambo la mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kuchukua gauni. Bi Mkato hakusikia. Alisimama, akachukua mkoba wake, akafika mlangoni, akashika komeo.

"Usimpelekee," akasema, mgongo bado umemwelekea mdogo wake.

"Eti?"

"Usimwonyeshe mtu. Wala hiki wala kile cha kwanza. Hakijalindwa."

"Si umesema ni kilekile?"

"Ni kilekile. Ila nilivyoandika mimi si kilekile. Nimeandika kigurudumu cha mpira. Hiki hakina kigurudumu. Mtu yeyote anaweza kukichukua."

Fundi akacheka kidogo. "Basi ulikosea. Si utarekebisha tu? Wewe hukosei, leo nimekupata!"

Hapo palikuwa na mlango wa pili, mpana, umefunguliwa na mdogo wake mwenyewe. Bi Mkato angeweza kupita akatoka salama. Akageuka.

"Sikukosea."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa chupa, zikigongana.

"Sijaelewa," Fundi akasema.

"Niliandika hivyo makusudi. Nilijua kuandika vizuri, nikaandika vibaya. Nilikuonea wivu."

Fundi alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Yaani ulikaa pale, ukaandika, ukaniangalia usoni, ukaniambia tia sahihi hapa na hapa?"

"Ndiyo."

"Nikakubusu."

"Ndiyo."

"Mimi nimekukosea nini, Dada?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi afadhali ungenitukana! Ungenipiga! Wivu wa nini? Wewe umesoma. Mimi nimeishi maisha yangu yote naambiwa mwangalie dada yako. Kila mwalimu, mwangalie dada yako. Leo nimepata kitu kimoja. Kimoja! Cha ukubwa huu!" Akaonyesha kwa vidole, na machozi yakamshuka, hakuyafuta. "Mama anajua?"

"Hajui."

"Asijue. Atakufa." Akavuta pumzi. "Kinarekebishika?"

"Kinarekebishika. Ombi bado halijatangazwa, na wewe hujamwonyesha mtu. Tunaliondoa, tunaleta jipya. Ila tarehe yetu ya kwanza tunaipoteza. Kama kuna mtu ameleta kitu kama hiki katikati hapa, atakuwa ametutangulia."

"Kwa hiyo kama nimekosa, nimekosa kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu."

"Andika upya," Fundi akasema. "Halafu usije hapa mpaka nikuite."

Asubuhi Bi Mkato aliingia kwa wakili, akafunga mlango, akamweleza yote akiwa amesimama. Wakili hakupandisha sauti. Hakuwa nayo ya kupandisha. Aliisoma ile rasimu ya kwanza hadi mwisho, akavua miwani.

"Ni kazi safi sana," akasema. "Hilo ndilo linalonitisha. Nisingegundua kamwe." Akazungusha miwani mkononi. "Hili jipya utaliandika wewe, kwa sababu hakuna mwingine hapa anayeweza. Nitalisoma. Na kuanzia leo nitasoma kila kitu. Baada ya hili, kwa muda, utakaa kwenye kusahihisha tu."

Akakubali. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa.

Dai lile jipya lilimtoa jasho kuliko yote aliyowahi kuandika. Alikivua kile kijidude nguo zote. Kigurudumu kikatoka, kibao kikatoka, springi, skrubu, cherehani ya mguu. Hata lastiki ikatoka, kwa sababu kesho mtu atabuni utepe mwingine na kuupa jina lingine. Alipofika chini kabisa alikuta pale palipobaki pamekaa swali la mdogo wake: kwa nini mimi ndiye niivute? Akaandika:

Kifaa cha kufungwa mbele ya guu la cherehani, chenye njia ya kupitishia utepe unaovutika, na kizuizi kilichowekwa katika njia hiyo ili kuufanya utepe uende polepole kuliko kitambaa kinachoshonwa, hivyo kwamba kitambaa chenyewe ndicho kinachouvuta utepe kwa kiasi kilekile tangu mwanzo wa mshono hadi mwisho.

Chini yake akajenga mengine: ambapo kizuizi hicho ni kigurudumu, ambapo ni kibao kinachojikunja, ambapo mkazo wake hurekebishwa. Aliposoma dai la kwanza kwa sauti, wakili alisikiliza amefumba macho, kisha akasema, "Nani atapita hapo?" Hakuwa akiuliza.

Sahihi za safari hii Fundi alizitia mbele ya wakili. Hakumwangalia dada yake. Alisoma, akauliza swali moja, "Mbona sikioni?" Wakili akajibu, "Ndivyo inavyotakiwa."

Hakuna aliyekuwa amewatangulia. Mkaguzi alileta maswali, Bi Mkato akayajibu kupitia kwa wakili, na baada ya kungoja kwingi hataza ikatoka. Muuza vipuri wa njia panda, ambaye hakupenda kungoja, alikuwa ameshaanza kuuza chake, alichokitengeneza kwa kukisia tu baada ya kuzichunguza sketi za mama: kipande cha sifongo ndani ya bomba la shaba. Si kigurudumu, si kibao. Wakili alimwandikia barua moja yenye dai la kwanza. Akaja mwenyewe ofisini, akalisoma amesimama, akalisoma tena ameketi, akaomba kwa adabu kuzungumza na mwenye hataza. Wakaelewana. Sasa anavitengeneza kwa ruhusa yake.

Mama aliitundika hataza sebuleni, karibu na kioo. Bi Mkato alikuwa ameitwa siku hiyo, na mama, si na Fundi. Alikaa pembeni akiitazama. Jina la mdogo wake lilikuwa juu, kubwa. Wageni walisoma jina, wakasoma tarehe, wakapongeza. Dai hakuna aliyelisoma. Na bado alimwonea mdogo wake wivu, palepale, mbele ya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Alikaa nao kimya kama mtu aliyekaa na jino bovu mbele za watu.

Fundi alimwamkia. Walizungumza habari za mvua na dawa za mama.

Siku moja, Bi Mkato akiwa amesharudishiwa kazi yake ya kuandika, alikuwa akipitia matangazo ya maombi mapya, kama afanyavyo kila yanapotoka, akakuta jina la mdogo wake. Kifaa cha kutia zipu. Chini palikuwa na jina la ofisi nyingine, ile ya ng'ambo ya barabara, yenye kijana mmoja anayevaa tai hata siku za joto.

Akasimama. Akakaa. Akaenda moja kwa moja kwenye madai, na akili yake yote ikawa inaomba kitu kimoja: yawe mabovu. Hayakuwa mabovu. Yule kijana alikuwa amekivua kile kitu vizuri, kwa utaratibu, na kuna sehemu katika dai la pili ambapo Bi Mkato alijikuta anatikisa kichwa kwa kukubali. Huyu mtu alikuwa amekaa na Fundi. Ameonyeshwa kitu kipya mlango umefungwa. Fundi amemwambia, nilikuwa nakusubiri wewe. Wivu aliouhisi sasa haukufanana na ule wa kwanza hata kidogo. Ule ulikuwa wa kutaka kuwa mahali pa mtu. Huu ulikuwa wa mahali pake mwenyewe, alipokuwa amekaa, akaondoka kwa miguu yake.

Akasoma tena, sasa taratibu. Dai la tatu, mstari wa mwisho: ncha ya chuma.

Alikunywa maji. Alipanga kalamu. Kisha akapiga simu, ikaita mpaka karibu kukatika.

"Dada," Fundi akapokea. Nyuma yake cherehani ilikuwa inanguruma.

"Nimeyaona madai ya zipu. Yule kijana anajua kazi."

"Anajua."

"Mwambie kwenye dai la tatu atoe neno chuma. Bado anaruhusiwa kurekebisha. Akiliacha, mtu ataweka ncha ya plastiki, na dai hilo litakuwa halina maana. Asilitoe kwa pupa, aangalie maelezo yanamruhusu."

Cherehani ikasimama.

"Nitamwambia," Fundi akasema. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo: "Lakini ana maringo huyo. Akikataa?"

"Akikataa nipe mimi niongee naye."

"Hapana. Nitaongea naye mwenyewe. Niandikie nimwambieje."

Bi Mkato akavuta karatasi akaanza kuandika.